Waipsi: namna ya kuzichagua, kuzitumia na kuzitupa bila kuziba bomba

Chomoa waipsi moja kwenye pakiti, ishike ncha mbili, uivute kwa nguvu. Inanyumbuka kidogo, inajikunja, lakini haichaniki. Sasa lowanisha kipande cha karatasi ya chooni ukivute vivyo hivyo: kimekuwa uji kabla hujakikaza. Waipsi imeundwa ikae majini miezi kwa miezi na bado itoke nzima siku utakapoihitaji. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo kero yake.

Mimi nilifundishwa na fundi bomba. Choo kilikuwa kinapandisha maji kila nikiflashi. Nikamwaga dawa ya kuzibulia mara ya kwanza, mara ya pili, wapi. Fundi akafungua chemba, akaingiza waya, akaanza kuvuta. Ikatoka kamba ya kijivu, nene kama mkono wa mtoto, imesokotana na nywele na mafuta yaliyoganda. Akanyofoa kipande kimoja, akakisuuza kwenye ndoo, akakitandaza juu ya mfuniko wa chemba. Vimaua vilivyobanwa kwenye kitambaa kiwandani bado vilionekana. "Mbona bado nzima hii," akasema, "ungeweza kuitumia tena." Na pakiti niliyokuwa nanunua ilikuwa imeandikwa kwamba zinafaa kutupwa chooni.

Zinatengenezwaje

Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Mmarekani Arthur Julius, mtu wa biashara ya vipodozi, ambaye mwaka 1957 alichukua mashine ya kugawia supu akaibadilisha ili ifungashe vijitambaa vyenye unyevu. Mwaka uliofuata alisajili jina la Wet-Nap, na kuanzia 1963 vikawa vinagawiwa kwa wateja wa migahawa ya kuku ya Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC. Kazi ya kwanza ya waipsi, basi, ilikuwa kufuta mafuta vidoleni. Makalio ya watoto yalifuata baadaye sana.

Kitambaa chake hakifumwi. Kiwandani huanza nyuzi fupi: poliesta au polipropilini, ambazo ni plastiki, mara nyingi zikichanganywa na viskosi au rojo la mbao, vitu vinavyotokana na miti. Nyuzi huchanwa kama mtu anavyochana pamba hadi ziwe utando mwepesi sana, ambao peke yake ungepukutika mkononi. Utando huo hupitishwa chini ya safu za matundu membamba yanayorusha maji kwa shinikizo kubwa. Kila mshale wa maji hupiga nyuzi za juu na kuzisukuma zipenye katikati ya za chini, zikajisokota zenyewe kwa zenyewe. Hakuna gundi, hakuna uzi wa kushonea. Kitambaa hukaushwa, kikaviringishwa kuwa majora makubwa.

Majora hayo hukatwa, hukunjwa na kulowanishwa. Maji yanayoingizwa huzidi uzito wa kitambaa mara mbili na zaidi, ndiyo maana pakiti ni nzito kuliko inavyoonekana. Mikunjo hupangwa kwa hila ndogo: mguu wa waipsi moja hulazwa ndani ya mkunjo wa nyingine, ili unapochomoa ya juu, ya chini ichungulie. Hila hiyo ndiyo inayotufanya tuchomoe tatu tulipotaka moja.

Majimaji yenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Yanayobaki ni sabuni laini ya kung'oa uchafu, gliserini ya kuzuia ngozi isikauke, tindikali kidogo, manukato pengine, na kihifadhi. Hicho cha mwisho watu hukilaumu bila kukielewa. Kitambaa kibichi kilichofungiwa kwenye mfuko ni shamba la kuvu na bakteria; bila kihifadhi pakiti ingeota ukungu. Hata kikiwepo mambo huharibika: zimewahi kurudishwa viwandani pakiti za waipsi za watoto baada ya kukutwa na bakteria aitwaye Burkholderia cepacia, hatari kwa mtu mwenye kinga dhaifu. Basi usimwage maji ya bomba kwenye pakiti iliyokauka ili kuifufua. Unapunguza makali ya kihifadhi na kuongeza vijidudu kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 1: Soma nyuma ya pakiti, siyo mbele

Mbele kuna picha ya mtoto anacheka au jani la kijani. Nyuma ndiko kwenye habari.

Anza na kazi yake. Kuna za ngozi, kuna za kufutia samani, vioo na majiko, na kuna za kuua vijidudu. Pakiti zake hufanana, majimaji yake hayafanani hata kidogo. Za kuua vijidudu hazigusi ngozi ya mtoto, hata kama nyingine zimeisha na mtoto amejichafua hadi mgongoni.

Kisha tafuta kitambaa. Ukiona polyester, PET, polypropylene au PP, hiyo ni plastiki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2019 kuhusu plastiki za kutumiwa mara moja ililazimisha waipsi zenye plastiki ziwekwe alama kuanzia Julai 2021: mchoro wenye kasa, na maneno yanayosema kuna plastiki ndani. Pakiti isiyotaja kitambaa chochote ihesabu kuwa ya plastiki.

Neno "inaoza" lisikutulize upesi. Viskosi na pamba huoza kweli, ila zinahitaji muda, joto, unyevu na vijidudu vya kutosha. Ndani ya bomba waipsi hukaa saa chache tu kabla ya kukutana na kona au pampu, na kwa saa hizo ya viskosi na ya poliesta zina ukaidi uleule.

Mwenye ngozi inayowasha aangalie neno Methylisothiazolinone kwenye orodha ya viambato. Kihifadhi hiki kilisababisha mzio kwa watu wengi kiasi kwamba chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kilikitangaza kuwa kisababisha mzio cha mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyoachwa juu ya ngozi, waipsi zikiwemo. Kwenye za kusafishia vitu bado utakikuta, kwa hiyo vaa glavu. Manukato nayo huwasha wengi. Zisizo na harufu kabisa ndizo salama zaidi kwa mtoto.

Mwisho, tafuta mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa, ndani yake namba na herufi M. Hiyo ni idadi ya miezi ya kutumia tangu ulipofungua.

Hatua ya 2: Zipime mwenyewe

Usipoamini lebo, una vipimo viwili vya nyumbani.

Cha kwanza ni cha chupa. Chukua chupa mbili za mdomo mpana, zijaze maji nusu. Moja tia vipande viwili vya karatasi ya chooni, nyingine tia waipsi moja. Funga, tikisa kila moja kwa dakika moja, ziache nusu saa, tikisa tena. Karatasi itakuwa imesambaratika na maji yamekuwa kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Waipsi mara nyingi utaikuta inaelea kama samaki, kingo zake zimenyooka. Nilipojaribu ile yangu iliyosema inafaa kutupwa chooni, niliiacha chupani usiku kucha, asubuhi nikaitoa na kufutia meza.

Cha pili ni cha moto, kifanywe na mtu mzima karibu na maji. Suuza waipsi, ianike ikauke kabisa; zenye alkoholi zikiwa mbichi hulipuka moto, usicheze nazo. Kata kipande chembamba, kishike kwa koleo, kisogeze kwenye mwali. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, na kuacha tone jeusi gumu kama shanga. Nyuzi za mimea huwaka mbio kama gazeti na kuacha jivu laini linalopukutika. Ukikuta jivu lenye vishanga ndani yake, ni mchanganyiko, na huo ndio utakaoukuta mara nyingi.

Hatua ya 3: Kwenye ngozi

Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo. Mkojo na kinyesi vikikaa kwenye nepi huondoa tindikali hiyo, na hapo vimeng'enya vya kinyesi hupata nguvu ya kuila ngozi. Waipsi nzuri husaidia kuirudisha hali ya kawaida, jambo ambalo sabuni kali haiwezi. Kwa hiyo simo kwenye kundi la wanaosema waipsi zote ni sumu.

Kwa mtoto, uchafu mwingi uondoe kwanza kwa sehemu safi ya mbele ya nepi yenyewe. Utaokoa waipsi mbili. Kisha futa kutoka mbele kwenda nyuma, hasa kwa mtoto wa kike, ili kinyesi kisiingie njia ya mkojo. Kunja, geuza upande safi, futa tena. Fungua mikunjo ya mapaja, ndiko kunakojificha. Halafu hatua ambayo wengi huiruka: acha ngozi ikauke, au ibonyeze kwa kitambaa kikavu, kabla ya kufunga nepi mpya. Unyevu uliofungiwa ndani huleta vipele hata kama waipsi ilikuwa bora kuliko zote.

Kwa wiki za mwanzo za maisha, pamba na maji ya uvuguvugu vinatosha. Vipele vikitokea, weka waipsi kando urudie maji hayohayo hadi ngozi ipone.

Kwa mikono, waipsi haishindi sabuni na maji. Mikono yenye tope au mafuta ikifutwa huonekana safi, lakini uchafu mwingi umesambazwa tu.

Hatua ya 4: Za kuua vijidudu

Hapa ndipo watu wanapopoteza waipsi nyingi zaidi bila faida. Mtu anapitisha mara moja mezani, meza inakauka baada ya sekunde kumi, anaamini kazi imekwisha. Dawa iliyomo, kwa kawaida alkoholi au zile za jamii ya benzalkonium chloride, inahitaji muda wa kukaa ikiwa mbichi. Muda huo umeandikwa kwenye lebo na mara nyingi ni dakika kadhaa. Uso ukikauka kabla muda haujatimia, futa tena kwa waipsi mpya.

Utaratibu wangu ni huu:

1. Ondoa kwanza vumbi, makombo na mafuta kwa kitambaa na sabuni. Uchafu huikinga bakteria na hula nguvu ya dawa.
2. Vaa glavu, fungua dirisha.
3. Ikunje waipsi katikati, kisha katikati tena. Ukiifungua na kuikunja upya unapata nyuso nane safi kwenye waipsi moja.
4. Anza pasafi uende pachafu, juu ushuke chini, kwa mistari isiyorudi nyuma. Kusugua kwa duara hurudisha ulichokwisha kuondoa.
5. Acha uso ukiwa umelowa hadi muda wa lebo uishe. Tumia saa.
6. Panapowekwa chakula, au mtoto anapoweka mdomo, suuza kwa maji safi baada ya muda huo.

Usichanganye na klorini, na usifutie kioo cha simu kwa yenye klorini. Jambo moja ambalo hata wafanyakazi wa usafi huwa hawalijui: dawa za jamii ya benzalkonium hung'ang'ania nyuzi za pamba. Ukichovya tambara la pamba kwenye dawa hiyo, sehemu ya dawa hubaki tambarani isifike mezani. Hii ni sababu mojawapo ya waipsi hizi kutengenezwa kwa plastiki, na lazima tulikubali hilo.

Hatua ya 5: Kuzitunza

Maji hushuka. Pakiti iliyokaa wima au upande mmoja kwa wiki mbili ina waipsi kavu juu na zinazochuruzika chini, kwa hiyo igeuze kila baada ya siku chache. Funga kibandiko hadi kishike kingo zote. Usiache pakiti kwenye gari juani. Ikikauka, haina mpango. Tumia zilizobaki kufutia vumbi.

Hatua ya 6: Kuitupa

Kwenye pipa la taka. Zote, hata zilizoandikwa vingine.

Weka pipa dogo lenye mfuniko ndani ya choo, mahali ambapo mkono unafika bila mtu kunyanyuka. Pipa likiwa sebuleni, waipsi itaishia chooni, ndivyo tulivyo. Safarini beba mfuko mdogo wa kufunga. Ya nepi isokomeze ndani ya nepi yenyewe kabla ya kuifunga. Usizichome, moshi wa plastiki ni mbaya, na usizitie kwenye mboji.

Sasa tuifuate ile iliyoflashiwa. Inapita kwenye shingo ya choo kwa urahisi, ndiyo maana tunadhani imekwenda. Mbele kidogo kuna kiungo kilichochomoza au mzizi uliopenya bombani. Ya kwanza inanasa hapo na kupepea kama bendera. Ya pili inanasa kwenye ya kwanza. Kisha yanakuja mafuta ya jikoni. Mafuta yakikutana na kalsiamu iliyomo kwenye maji na saruji ya mabomba hugeuka kitu kama sabuni ngumu, na waipsi zinakuwa nondo zake. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel, London, ilikutwa jiwe la aina hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Mafundi walilipasua kwa wiki kadhaa, na kipande chake kikawekwa kwenye jumba la makumbusho la jiji hilo.

Zinazovuka hapo hujisokota kwenye panga za pampu hadi zisimame. Kwa wenye tangi la majitaka nyumbani, huelea juu kama blanketi na kuziba tundu la kutokea. Mvua kubwa ikijaza mifereji ya miji inayochanganya maji ya mvua na majitaka, huishia mtoni: kwenye Mto Thames, karibu na daraja la Hammersmith, zilirundikana na tope hadi zikaubadilisha ukingo wa mto. Huko za plastiki haziozi. Hukatikakatika kuwa nyuzi ndogo zisizoonekana, ambazo wanyama wa majini huzimeza.

Na yale maneno "inafaa kutupwa chooni"? Mwaka 2018 mahakama ya Australia ilitoza kampuni moja faini ya dola 700,000 za nchi hiyo kwa madai ya namna hiyo juu ya waipsi zake. Uingereza, makampuni ya maji yalianzisha mwaka 2019 alama ya kuthibitisha waipsi zinazosambaratika kweli, kisha mwaka 2024 yakaifuta, kwa kuwa ujumbe mmoja wa kutotupa yoyote ni rahisi kueleweka. Naona walifanya vizuri. Mtu aliyeketi chooni hasomi lebo.

Hatua ya 7: Ikiwa tayari umeziba

Acha kuflashi, kila ndoo inasukuma donge mbali zaidi. Vaa glavu ndefu. Jaribu kwanza pampu ya mpira, ukiivuta kwa nguvu kuliko unavyoisukuma, kwa sababu unataka donge lirudi kwako. Ikishindikana, ingiza waya wa kuzibulia wenye ncha ya ndoano, uuzungushe hadi uhisi umeshika kitu kama nguo, halafu uvute polepole huku ukiendelea kuzungusha. Ukivuta kwa pupa unakata kamba na nusu inabaki ndani.

Dawa kali za kuzibulia ziache. Zinalainisha mafuta na nywele, hazimalizi poliesta, na zinabaki zimetuama kumsubiri atakayeingiza mkono. Kama umeshamwaga, mwambie fundi kabla hajafungua chemba. Mimi sikumwambia wangu. Bahati alikuwa na glavu. Na ikiwa sinki na bafu navyo vinagugumia unapoflashi, kizuizi kiko mbali, mwite fundi.

Hatua ya 8: Za kufua na kurudia

Kwa matumizi ya nyumbani, nafasi ya waipsi nyingi inaweza kuchukuliwa na vitambaa vya kufua. Fulana kuukuu ya pamba inatosha. Kitambaa chake hakichomoki nyuzi, kwa hiyo hakuna kupinda kingo. Kata miraba ya sentimita 20 kwa 20. Kwa mtoto mmoja kata kama 30.

Asubuhi chukua vitakavyotosha siku hiyo tu, vimwagie maji yaliyochemshwa yakapoa, vikamue visichuruzike, viweke kwenye kopo safi lenye mfuniko. Usiongeze mafuta wala sabuni. Havina kihifadhi, hivyo vilivyobaki jioni vinakwenda kufuliwa, havilali kopo hata kama havikuguswa. Vyenye kinyesi visuuze kwanza chooni, uvitie kwenye ndoo yenye mfuniko, uvifue kwa maji ya nyuzi 60 au uvichemshe, uvianike juani. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, huvifanya visinyonye maji. Ukitoka, beba vikavu na chupa ndogo ya maji, ulowanishe palepale.

Vinakula maji na moto wa kuchemshia, hilo lazima lihesabiwe, na kuna siku za homa na kuhara ambapo hutakuwa na nguvu ya kufua. Siku hizo pakiti ipo. Nyumbani kwangu moja sasa inakaa karibu miezi miwili, juu ya pipa lenyewe.